Najua nimekosea, ila koo linakaba

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa Kongwa, nina miaka 43, mke na watoto wanne. Nimelima mahindi misimu sita mfululizo kwenye ekari nne alizoniachia baba, na kati ya misimu hiyo ni mmoja tu niliovuna vizuri. Mke wangu amekuwa akiniomba tupande mtama. Mwaka juzi, mbele ya wanakikundi wenzetu wa VICOBA, nilimjibu: "Mtama ni chakula cha njaa, na kwangu hakuna njaa." Watu wakacheka. Msimu uliopita alilima robo ekari ya mtama kwa mkono wake, akavuna, na ndio tunaokula sasa. Mimi niliambulia mabua. Nafsini najua nimekosea, lakini kila nikitaka kusema, koo linakaba. Mtu wa umri wangu anaweza kweli kubadilika? Nikikubali, si ndiyo nitadharaulika? Na mwanangu mkubwa, miaka 17, ameanza kumjibu mama yake kama nilivyomjibu mimi.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yamerudi kwenye maneno yako matatu: "ndio tunaokula sasa." Kila siku unanawa mikono, unakaa, unakula kile ulichokiita chakula cha njaa, mbele ya mama aliyekilima, na hakuna anayesema neno. Huo ndio mzigo ulio kooni mwako. Mahindi ni sehemu ndogo tu ya jambo hili.

Hata hivyo nimekuwa bibi shamba kwa zaidi ya miaka thelathini, Mpwapwa, Kongwa na Chamwino, kwa hiyo niruhusu nianzie shambani ndipo tufike kooni.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi. Kiasi hicho kingegawanyika vizuri, hata mahindi yangejitahidi. Hakigawanyiki. Umeona mwenyewe: Desemba inanyesha, Januari inanyesha, watu wanapalilia wakiimba, halafu Februari jua linawaka wiki mbili au tatu, wakati mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele na ndevu. Siku hizo ndizo punje zinapotungwa. Maji yakikosekana hapo, hata mvua ya Machi inyeshe usiku na mchana, utakachopata ni bua la kijani na gunzi lenye mapengo. Mtama ukikutwa na jua lilelile hukunja majani, husimama kukua, hungoja. Mvua ikirudi, unaendelea ulipoishia. Mizizi yake nayo inashuka mbali kutafuta unyevu. Uwele ni mvumilivu kuliko hata mtama.

Mkeo alilijua hilo kwa sababu analitazama shamba. Na wewe unalijua. Usingelijua usingeandika barua hii, na ndiyo maana sitaendelea kukufundisha kilimo. Tatizo lako halijawahi kuwa kukosa elimu ya mtama.

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Leon Festinger na James Carlsmith, walichapisha jaribio ambalo kila nikilikumbuka naona mashamba yetu. Waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha kupita kiasi, kama vile kugeuzageuza vigingi kwenye ubao kwa muda mrefu. Kisha wakawaomba wamwambie mwenzao anayesubiri zamu yake kwamba kazi ile inafurahisha. Kwa uongo huo, wengine walilipwa dola 1, wengine dola 20. Mwishoni wakaulizwa wao wenyewe waliionaje ile kazi. Waliolipwa dola 20 walisema ukweli: inachosha. Waliolipwa dola 1 ndio waliosema haikuwa mbaya. Mwenye dola 20 alijua kwa nini alidanganya, fedha ilikuwa mfukoni. Mwenye dola 1 hakuwa na sababu ya kujitetea nayo, basi kichwa chake kikamtengenezea sababu: labda sikudanganya, labda kazi ilikuwa nzuri kweli.

Sasa tazama misimu yako sita. Kama mahindi yangekulipa, usingehitaji kuyatetea. Ungesema tu, nalima kwa sababu yananilipa, na siku yatakapoacha kulipa ungehama. Yalikulipa dola 1. Kila msimu ulioambulia mabua ulikudai sababu, ukaitoa: mbegu ilikuwa mbovu, mvua ilichelewa, jirani alilisha ng'ombe pembezoni, mwakani itakuwa nzuri. Na sababu hizo hukuzibuni kwa hila. Uliziamini. Ndivyo kichwa cha binadamu kinavyofanya kazi, cha msomi na cha asiyesoma, kwa hiyo acha kujiita mpumbavu usiku ukiwa umelala.

Tena wewe unaishi Kongwa, mahali ambapo jambo hilihili liliwahi kufanywa na serikali nzima. Mwaka 1946 Uingereza ilituma ujumbe uliozunguka Tanganyika wiki chache tu, ukarudi na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza hapo kwenu. Udongo wenye mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, matrekta yakavunjikia kwenye visiki na mibuyu, mvua ikaja na kuondoka bila kufuata ratiba ya mtu. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizolimwa hazikufika 10,000. Ishara hiyo ilionekana mapema kabisa. Lakini waliendelea hadi mwaka 1951, na zilizoteketea ni kama pauni milioni 36 za wakati ule.

Nimekaa nikajiuliza mara nyingi kilichowazuia kusimama. Wataalamu walikuwa nao. Vipimo walikuwa navyo. Ila walikuwa wameshatamka, hadharani, mbele ya bunge lao na mbele ya watu waliokuwa wakipata mafuta ya kula kwa mgao baada ya vita, kwamba Kongwa itawaokoa. Neno likishatoka namna hiyo, kila tani ya karanga inayokosekana inakuwa aibu ya mtu fulani mwenye jina, na mtu huyo atatafuta matrekta zaidi kabla hajatafuta ukweli. Walipokubali hatimaye, sehemu ya ardhi ile ikageuzwa kuwa malisho ya ng'ombe. Ranchi ya Kongwa ipo hadi leo, unaipita ukienda na kurudi. Ardhi ilikuwa inafaa kitu tangu mwanzo, tatizo ni kwamba kuna watu walishaiahidia kitu kingine.

Wewe nawe uliiahidia. "Kwangu hakuna njaa" ilikuwa ahadi. Tangu siku ile kila gunia la mahindi lisilojaa linakugusa jina lako mbele ya wanakikundi. Ndiyo maana nakwambia una madeni mawili, na umekuwa ukijaribu kuyalipa kwa pamoja ndipo koo linakaba. Moja ni la shamba: nilichagua zao lisiloendana na mvua yangu. Hilo ni jepesi, wakulima hulilipa kila mwaka. La pili ni la neno: nilimvunjia heshima mtu aliyekuwa sahihi, na watu wakacheka. Yatenganishe.

Nikusimulie langu, maana sipendi kumwambia mtu jambo ambalo mimi sijalipitia.

Nilipoanza kazi nilifundisha kwamba shamba safi ni shamba lisilo na kisiki hata kimoja. Ndivyo nilivyosomeshwa, nami nilikuwa na bidii. Nilizunguka na baiskeli nikiwahimiza watu wang'oe, wachome, wasawazishe. Aliyebakiza visiki nilimwita mvivu, na mara nyingine nilimwita hivyo mbele ya wenzake. Mzee mmoja upande wa Chamwino hakung'oa. Mwezi wa tisa, jua la saa saba, akaniita shambani kwake. Akachuchumaa mbele ya kisiki cha mgunga. Zamani kilikuwa kichaka tu, machipukizi kumi na tano au ishirini, mbuzi wakiyakata kila yakijaribu kuinuka. Yeye alichagua matatu yaliyonyooka, akapogoa mengine, akafungia kipande cha khanga chakavu ili wachungaji wajue mti huu una mwenyewe. Baada ya misimu mitatu ya mvua, yale matatu yalikuwa yamenipita kimo. Akanishika mkono, akauingiza chini ya majani makavu yaliyodondoka pale. Udongo ulikuwa wa baridi, laini, unabonyea. Kisha akaninyooshea kidole shamba la jirani yake, lile nililolisifia mkutanini, jeupe kama sakafu. Upepo ulikuwa unalibeba.

Unajua nilimjibu nini? "Ni vizuri, mzee, lakini si kila mtu ataweza."

Ndani ya hiyo "lakini" niliishi misimu miwili zaidi. Niliendelea kufundisha kung'oa, ila kwa sauti ndogo. Nilianza kuepa kupita karibu na shamba la yule mzee. Hebu jichunguze hapo: kuna njia ya kwenda nyumbani uliyoiacha siku hizi kwa sababu inapita kwenye robo ekari ya mkeo? Mimi nilijijua kwamba nimeshajua ukweli siku nilipogundua natembea kilomita mbili zaidi ili nisiuone.

Niliposimama mwishowe ilikuwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya ofisi ya mtendaji. Nilisema: "Niliwaambia mng'oe visiki. Nilikosea. Mzee huyu alikuwa sahihi." Pakawa kimya. Mwanamume mmoja akauliza kwa hasira, "Basi miaka yote hiyo tulikuwa tunafuata nini?" Sikuwa na jibu, na sikulitafuta, alikuwa na haki ya kukasirika. Halafu bibi mmoja aliyekaa chini pembeni akauliza: "Sasa mimi nilishang'oa vyote, nifanyeje?" Mkutano mzima ukageukia swali lake. Aibu yangu, ambayo nilikuwa nimeibeba misimu miwili kama mtungi wa maji kichwani, watu waliishughulikia kwa dakika tatu kisha wakaendelea na mambo yao.

Leo njia ile inajulikana Dodoma kwa jina la kisiki hai, inafundishwa kijiji kwa kijiji. Wakati ule ilikuwa ni mzee mmoja na kipande cha khanga.

Ila jambo ninalotaka ulishike lilikuja baadaye. Miezi ile iliyofuata, wakulima walianza kuniambia mambo. Mbegu uliyotuletea haikuota, mama. Ile dawa ya ghala tuliacha kuitumia. Yale matuta uliyotuchorea maji yaliyabomoa, tukayahamisha. Nilishtuka, kwa sababu mambo hayo yalikuwa yakitokea miaka yote na hakuna aliyewahi kunitamkia. Walikuwa wakinionyesha ninachopenda kuona. Ujuzi wangu wa kweli wa kilimo cha huku nimeupata baada ya siku ile, na wengi walionifundisha ni watu ambao zamani niliwaita wavivu.

Kwa hiyo unaponiuliza kama utadharaulika, nakujibu hivi: nyumba ambayo baba hakosei ni nyumba ambayo baba haambiwi kitu. Mkeo alilima ile robo ekari bila kukushirikisha kwa sababu alishachoka kukuambia. Watoto wako wanajua mambo mengine usiyoyajua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mtu hukua kwa yale anayoambiwa, basi ukijifunga usiambiwe, utabaki na akili uliyokuwa nayo mara ya mwisho ulipokubali kusikia. Wapo watakaokucheka, wawili watatu wa kwenye kikundi. Watakucheka wiki moja. Kwa mabua wangekucheka kila msimu.

Umri wako hauzuii chochote. Miaka 43 ni mtu ambaye ana misimu mingi mbele yake, Mungu akijalia. Kinachomzuia mtu mzima kubadilika ni kumbukumbu yake, ambayo inampendelea. Wewe mwenyewe umeandika kwamba msimu mmoja ulivuna vizuri. Bila shaka huo unaukumbuka hadi idadi ya magunia, na mitano mingine imechanganyika kama uji. Charles Darwin, yule Mwingereza wa elimu ya viumbe, alikuwa na kanuni yake: kila alipokutana na jambo linalopingana na alichokuwa akiamini aliliandika papo hapo, kwa sababu alishagundua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka akilini upesi kuliko yanayomuunga mkono. Mtu wa akili kama yule hakuuamini moyo wake peke yake, alitegemea daftari.

Nunua daftari la shule, la kurasa 48 linatosha. Sasa, kabla mvua hazijaanza, andika unachotarajia na kitakachokufanya ukubali umekosea. Kwa mfano: ekari hii ya mahindi isipotoa magunia matano, mwakani naipunguza nusu. Weka namba yako, ila iandike kabla. Namba inayoandikwa Novemba ina uaminifu; ile unayoitafuta Juni, mabua yakiwa yameshalala, itakupendelea. Andika tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kupanda, siku jua la Februari lilipoanza na lilipokatika, na debe ulizovuna. Daftari akae nalo mkeo au binti yako. Wewe ukikaa nalo, kuna siku utasahau kuandika, na siku hiyo itakuwa ndiyo iliyohitajika.

Wala usigeuke sasa ukawa mkaidi wa mtama. Nimewaona watu wa namna hiyo, wamehama na kiburi chao kutoka zao moja kwenda jingine. Mtama una mateso yake. Kwelea kwelea wakishuka wanaweza kumaliza jasho la miezi mitatu kwa siku chache, na kuamia ndege kutwa juu ya dungu ni kazi inayowatoa watoto shule usipojipanga. Kupura kunawasha mwili. Sokoni Kibaigwa mahindi yana wanunuzi wengi zaidi. Mimi ningekuwa na ekari zako nne ningetia mbili mtama, mbegu fupi inayokomaa mapema kama Macia, na nusu ya uwele. Alizeti ekari moja ya kuuza. Mahindi nusu ekari iliyobaki, mahali pa bondeni panapotuamisha maji kidogo. Lakini mkeo ameshalima mtama kwenye udongo huohuo na mimi sijalima, kwa hiyo mpango wangu mpelekee yeye aukosoe kwanza.

Na lile neno la chakula cha njaa, ujue halikuwa lako. Umelirithi kutoka wakati ambapo sembe nyeupe ilianza kuonekana ni dalili ya maendeleo na ugali wa uwele ukawa wa kuonea haya mgeni akija. Mahindi asili yake ni Amerika. Mababu wa Ugogo walijenga maisha yao juu ya mtama na uwele na mlenda kwenye nchi hiihii kavu. Baba yako alikuachia mahindi, ni kweli, lakini waliomtangulia baba yako walisaga uwele.

Sasa kuhusu kijana wako. Usimwite ukamwamuru amheshimu mama yake. Kondoa mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri kwenye eneo lililomomonyoka la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Ukweli ulikuwa upande wa serikali, makorongo yale yalikuwa ya kutisha, na nyasi ziliota kweli. Lakini kwa sababu ulikuja kwa amri ulihitaji walinzi, maana kuna waliorudisha ng'ombe kwa siri. Kijana wa miaka 17 ni hivyohivyo. Alijifunza dharau kwa kukuona, na hatajifunza heshima kwa kusikia. Siku utakapolirudisha neno lako, hakikisha yupo. Usimwangalie unaposema.

Neno hilo lirudishe pale lilipotokea, kwenye kikundi, baada ya hesabu kufungwa. Liwe fupi: nilisema mtama ni chakula cha njaa, nilikosea, mama watoto ndiye aliyetulisha mwaka huu. Usiongeze "lakini". Usijilaumu kwa hotuba ndefu pia, maana hotuba ya kujilaumu inawalazimisha watu waanze kukubembeleza, na hapo mkeo anageuka tena kuwa mtu wa kukutuliza wewe. Koo litakaba. Sema huku limekaba, sauti ikikwaruza haidhuru.

Ila hilo ni la mwisho, na mkutano wa kikundi ni wiki ijayo au ijayo zaidi. La kwanza ni la kesho asubuhi. Nenda naye kwenye ile robo ekari, mabua bado yamesimama. Muulize mbegu ile aliipata wapi, alipanda lini, na siku za ndege alikuwa anaamia na nani wakati wewe uko kwenye mahindi. Maswali hayo hujawahi kumuuliza. Kisha kaa chini hapohapo, umsikilize mpaka amalize.